Nani Mwenye Meli Iliyozama?

Alfajiri ya tarehe 17 Februari 1944, ndege za kivita za Marekani ziliruka kutoka kwenye manowari zake na kuishambulia ngome ya Wajapani katika visiwa vya Chuuk, ambavyo wakati huo vilijulikana kwa jina la Truk, magharibi mwa Bahari ya Pasifiki. Katika muda wa siku mbili meli zaidi ya 40 zilizamishwa na ndege zipatazo 250 zikaharibiwa. Nyingi kati ya meli hizo hazikuwa manowari. Zilikuwa meli za shehena, za mafuta na za kusafirishia askari, zilizotwaliwa kutoka kwa kampuni za biashara ili zitumikie jeshi. Zilizama katika maji matulivu yaliyozungukwa na mwamba wa matumbawe, mahali ambapo wenyeji wa Chuuk walivua samaki tangu enzi za mababu zao. Wenyeji hao hawakuitangaza vita ile wala hawakuialika. Leo imepita miaka zaidi ya 80, na meli zingali pale pale. Zinaliwa na kutu, zimefunikwa na matumbawe, na baadhi yake zinavuja mafuta.

Swali linaloulizwa na wakazi wa visiwa hivyo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: nini kifanyike? Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba swali hilo halijibiki kabla ya kujibiwa swali jingine, nalo ni hili: nani mwenye meli iliyozama? Hoja yangu ni kwamba mataifa yaliyopigana yamejipatia jibu la kuyafaa yenyewe. Yanadai chuma na mifupa kuwa ni mali yao, huku yakiyaachia sumu mawimbi na watu wa visiwani.

Kwanza tujiulize, yanatuhusu nini mambo ya Pasifiki? Historia yetu na ya Wamikronesia zilipitia mlango mmoja. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Tanganyika na sehemu kubwa ya visiwa vya Mikronesia vilikuwa makoloni ya Ujerumani. Mjerumani aliposhindwa, Umoja wa Mataifa wa zamani, ule uliokaa Geneva, uligawa makoloni yake kama amana: Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza, na visiwa vile vikakabidhiwa Japani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, nchi zote mbili zikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa sasa, sisi tukibaki na Mwingereza na wao wakipewa Mmarekani. Tanganyika ilijipatia uhuru mwaka 1961. Mikronesia ilisubiri hadi mwaka 1986, ulipoanza kutumika mkataba wa ushirika baina yake na Marekani. Tofauti ni kwamba kule mdhamini mmoja aliigeuza amana kuwa ngome, na mdhamini aliyefuata ndiye aliyeizamisha ngome hiyo. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapa tembo wameondoka zamani, na nyasi zingali zinaumia.

Ili tuelewe ugumu wa jambo hili, yafaa tutambue kwamba meli iliyozama vitani ni vitu vinne kwa wakati mmoja.

Kwanza, ni sumu. Meli zilizama na mafuta yao. Chuma huliwa na maji ya chumvi mwaka hadi mwaka, na siku bati la tangi linapotoboka, mafuta yaliyofungwa tangu enzi za vita hutoka kana kwamba yamemwagwa jana. Pili, ni ghala la silaha. Ndani mwake mna mizinga, mabomu na baruti ambazo maji hayakuziharibu zote. Huko Chuuk wapo wavuvi waliokuwa wakitoa baruti katika meli hizo ili waulie samaki. Msomaji wa pwani yetu, anayejua hasara ya uvuvi wa baruti kwa matumbawe, hahitaji maelezo zaidi. Tatu, ni kaburi. Nne, ni mali. Chuma, shaba na nikeli vina bei, na meli zenyewe huwavuta watalii wazamiaji kutoka kila pembe ya dunia. Chuuk imekuwa mashuhuri kwa jambo hilo tangu Mfaransa Jacques Cousteau alipowaonyesha watazamaji wa televisheni meli zile za chini ya maji.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo vinne kinadai jibu lake. Sumu inadai iondolewe, kaburi linadai lisiguswe, ghala la silaha linadai lilindwe, na mali inadai ichumwe. Anayesema tu kwamba meli zote zitolewe, au kwamba zote ziachwe, huwa ameangalia kitu kimoja na kuvifumbia macho vitatu.

Hebu tuangalie kisa cha Ulithi, kisiwa cha matumbawe chenye umbo la pete katika jimbo la Yap, huko huko Mikronesia. Tarehe 20 Novemba 1944 meli ya mafuta ya jeshi la Marekani, USS Mississinewa, ilipigwa ikiwa imetia nanga na nyambizi ndogo ya Kijapani iliyoendeshwa na mtu aliyekwenda kufa nayo. Mabaharia 63 walipoteza maisha. Meli ikazama na shehena yake na ikasahauliwa na wakubwa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2001, baada ya tufani kupita, ilianza kuvuja. Watu wa Ulithi, ambao samaki wa maji yale ndio kitoweo chao cha kila siku, walijikuta wakizuiwa kuvua mbele ya nyumba zao wenyewe. Mwaka 2003 jeshi la majini la Marekani lilirudi na vyombo vyake na kunyonya zaidi ya lita milioni 6 za mafuta kutoka katika matangi ya meli hiyo. Jambo kama hilo lilifanyika tena mwaka 2018 katika visiwa vya Marshall, kwa manowari ya Kijerumani Prinz Eugen, ambayo Marekani iliitwaa baada ya vita, ikaijaribia mabomu ya nyuklia huko Bikini mwaka 1946, kisha ikapinduka na kuzama Kwajalein mwezi Desemba mwaka huo huo. Zaidi ya lita 800,000 zilitolewa.

Visa hivi viwili vinatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kazi hii inawezekana. Utaalamu upo, vyombo vipo, na mafuta yanaweza kutolewa bila ya kuivunja meli wala kuvuruga mifupa iliyomo. La pili ni kwamba kazi hufanyika pale mwenye nguvu anapoamua. Huko Ulithi alisubiri mpaka mafuta yakawa juu ya maji. Katika Chuuk, ambako meli ni nyingi na bendera yake ni ya Japani, wataalamu wa Kijapani wamekuwa wakinyonya mafuta kidogo kidogo kwa njia ya msaada. Tulizingatie neno hilo, msaada. Anayesaidia hujipangia kiasi na wakati. Anayelipa deni hapangi. Hesabu zilizofanywa na taasisi ya mazingira ya nchi za visiwa vya Pasifiki zilikuta meli za vita zilizozama katika bahari hiyo kuwa zaidi ya 3,800, zikiwamo zaidi ya 300 za mafuta. Idadi kama hiyo haiwezi kungojea hisani.

Sasa tuigeukie sheria, kwa kuwa ndipo penye fundo. Mwaka 2007 mataifa yalikutana katika jiji la Nairobi na kupitisha mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli, ulioanza kutumika mwaka 2015. Mkataba huo unamtwika mwenye meli gharama za kuondoa mabaki yanayohatarisha safari za majini au mazingira, na unamlazimisha awe na bima. Ni mkataba mzuri, na sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuona fahari kwamba umebeba jina la jiji letu. Lakini manowari na meli za serikali zisizofanya biashara zimeachwa nje yake, isipokuwa serikali yenyewe ikipenda vingine. Tena, madai chini ya mkataba huo hufa ikipita miaka 6 tangu ajali kutokea. Kwa hiyo mvuvi wa Chuuk akiufungua mkataba wa Nairobi hatajikuta ndani yake.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji, ulioanza kutumika mwaka 2009, unatoka upande mwingine. Huo unavilinda vitu vilivyokaa majini kwa miaka 100 au zaidi, unapendelea viachwe mahali vilipo, na unakataza kuvifanyia biashara. Mikronesia imeuridhia. Hata hivyo, meli zilizozama mwaka 1944 zitafikisha umri huo mwaka 2044, na mafuta yaliyomo ndani yake hayafuati kalenda ya UNESCO.

Juu ya mikataba hiyo imekaa kanuni kongwe ya kinga ya dola, isemayo kwamba manowari hubaki kuwa mali ya taifa lake hata ikiwa chini ya bahari ya mtu mwingine. Marekani iliitia nguvu kanuni hiyo kwa sheria yake ya mwaka 2004, na Uingereza ina sheria yake ya mwaka 1986 ya kulinda mabaki ya kijeshi. Sina ugomvi na kanuni hiyo katika jambo la makaburi. Taifa lina haki ya kusema kwamba watoto wake waliolala humo wasisumbuliwe. Ugomvi wangu ni kwamba umiliki umegeuzwa kuwa haki isiyo na wajibu. Katika mila zetu, ng'ombe wako akiingia shambani kwa jirani na kula mahindi, huwezi kusema ng'ombe ni wangu ila mahindi hayanihusu.

Watetezi wa mataifa makubwa wana jibu lao, na haki inatutaka tulisikilize. Wanasema madai ya vita yalikwisha kufungwa. Japani ilitia saini mkataba wa amani wa San Francisco mwaka 1951, na mwaka 1969 Japani na Marekani zilikubaliana kila moja itoe kiasi cha thamani ya dola milioni 5 kwa ajili ya wakazi wa Mikronesia walioathiriwa na vita. Ni kweli. Lakini tuyatazame makubaliano hayo ya mwaka 1969 kwa jicho la mwanahistoria. Waliotia saini ni wawili, nao ni wale wale waliopigana. Wamikronesia, ambao ndio waliodhurika, hawakuwa na kalamu mezani. Zaidi ya hayo, fidia ile ilihusu madhara ya vita vilivyokwisha, ilhali mafuta yanayovuja leo ni madhara mapya yatokanayo na kitu ambacho mwenyewe angali anakiita chake. Deni lililolipwa jana haliwezi kufuta hasara inayotokea leo.

Wapo wanaosema tuziache meli zote zilale, bahari itazimeza. Bahari ya Java inawajibu. Mwaka 2016 wazamiaji waliokwenda kutazama manowari za Kiholanzi zilizozamishwa katika vita vya mwaka 1942 walikuta De Ruyter na Java zimetoweka kabisa na sehemu kubwa ya Kortenaer haipo. Zilikuwa zimechotwa na wafanyabiashara wa chuma chakavu pamoja na mifupa ya mabaharia waliokuwamo. Kaburi lisilo na mlinzi, lililojengwa kwa shaba na chuma, halidumu. Kuziacha bila ulinzi maana yake ni kuwakabidhi wezi.

Wengine husema tuziondoe zote. Lakini meli iliyolala miaka 80 imekuwa nyumba ya samaki na mhimili wa kipato cha wenyeji, na kuing'oa kunaweza kupasua matangi yale yale tunayoyaogopa. Isitoshe, watu wamelala humo. USS Arizona katika Bandari ya Pearl inadondosha mafuta hadi leo, na Wamarekani wameamua kwa hiari yao kuiacha, kwa sababu ndani yake wamo mabaharia zaidi ya 900. Uamuzi huo unaheshimika, na unaheshimika hasa kwa kuwa ni uamuzi wa watu wenye bahari hiyo na wafu hao kwa pamoja. Mtu wa Chuuk hajapata kuwa na nafasi kama hiyo.

Nikifika hapa narudi nyumbani, kwani sisi nasi tuna meli zetu chini ya maji, na historia yake inaonyesha waziwazi nani aliyekuwa akiamua.

Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu dakika zisizofika 45, Waingereza waliizamisha katika bandari ya Zanzibar meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow, iliyoundwa Uskochi kwa agizo la Sayyid Barghash. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi mbele ya mji. Ilikuwa meli ya dola. Kwa kanuni ya kinga ya dola, ilikuwa mali ya Zanzibar. Lakini mwaka 1912 ilivunjwavunjwa na sehemu zake kutupwa baharini, kwa sababu iliwakera wenye amri wa wakati huo. Kanuni ya umiliki haikuonekana siku ile.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari hiyo hiyo, ikiwa imesimama kwa matengenezo. Mabaharia 38 walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Mizinga ya Pegasus iliopolewa na kupelekwa vitani barani. Königsberg nayo ilijificha katika delta ya Rufiji mpaka ilipoharibiwa tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake pia ikaopolewa na Wajerumani na kuburutwa nchi nzima na wapagazi wa Kiafrika. Baada ya vita, mwaka 1924, haki ya kuopoa mabaki ya Königsberg ilinunuliwa kwa pauni 200 na John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus. Aliyenunua ni adui wa zamani, na Warufiji waliokuwa wakipita na mitumbwi yao kando ya lile gofu la chuma hawakutajwa katika hati yoyote ya mauzo. Leo mzinga wa Königsberg na wa Pegasus inaonekana pamoja Fort Jesus, Mombasa, imekaa kwa amani kuliko wenyewe walivyokaa.

Kisa kimoja tu kilikwenda njia nyingine. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen ilizamishwa na wenyewe katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Tangu hapo imebeba abiria, dagaa na wakimbizi kwa vizazi kadhaa. Chombo cha vita kikawa chombo cha watu.

Lipo jambo lililo zito zaidi. Mwezi Februari 1944, siku chache kabla ya Chuuk kushambuliwa, meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Ceylon ikiwa na askari zaidi ya elfu moja, wakiwamo mamia ya Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora mawili. Ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Majina ya askari hao yamo katika ukumbusho ulioko makaburi ya vita jijini Nairobi, lakini miili yao imo katika kina kirefu cha maji ya visiwa vya watu wengine. Ni babu zetu. Tunapojadili meli za vita katika bahari za visiwa, basi, sisi tunazungumza tukiwa na mguu mmoja kila upande: tu wenye bahari iliyoachiwa vyuma vya wageni, na tu wenye wafu walioachwa katika bahari ya wageni. Hakuna anayestahili zaidi kusema kwamba heshima ya wafu na uzima wa walio hai ni mizigo ya kubebwa pamoja.

Kutokana na hayo, nini kifanyike? Napendekeza mpangilio ufuatao.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Kila serikali ya visiwa na ya pwani iwe na daftari la meli zilizozama katika maji yake: ilipo, kina chake, bendera yake, kiasi cha mafuta, silaha zilizomo, na wafu. Daftari hilo ndilo litakalotenganisha meli inayohitaji kushughulikiwa mwaka huu na ile inayoweza kungoja. Hatua ya pili ni kunyonya mafuta wakati mabati yangali yanashika, kwa kuanza na meli zilizo karibu na makazi na maeneo ya uvuvi. Kulisafisha tangi zima ni rahisi kuliko kuusafisha ufuo. Hatua ya tatu ni kuyaacha makaburi yalipo, kukataza kwa sheria yenye meno kuchukua hata kijiko kutoka ndani yake, na kuwaajiri wenyeji wawe walinzi, wakilipwa kutokana na ada za wazamiaji.

Hatua ya nne ndiyo ngumu. Taifa linaloshikilia kwamba manowari ni yake lilipie pia sumu iliyomo. Lisilotaka kulipa litamke hadharani kwamba limeiacha, ili nchi ya kisiwa iwe na uhuru kamili wa kuamua. Kwa meli ambazo umiliki wake umetatanika, kama zile za kibiashara za Chuuk, uwepo mfuko wa pamoja utakaochangiwa na mataifa yote yaliyopigana, na nchi za visiwa ziwe na kura ndani yake. Hapo ndipo Afrika Mashariki ina nafasi. Mkataba wa Nairobi uliacha pengo, na nchi ya Nairobi pamoja na jirani zake zina kila sababu ya kusimama bega kwa bega na visiwa vya Pasifiki na Maldivi kudai pengo hilo lizibwe.

Kwenu wanafunzi wa historia, ipo kazi ya utafiti isiyohitaji nauli ya Pasifiki: familia za waliozama na Khedive Ismail zimo katika vijiji vyetu, na wanaoyakumbuka majina yao wanazidi kupungua. Kwenu watumishi wa umma mliopo katika idara za mambo ya kale, bandari, uvuvi na mazingira, daftari nililolitaja halihitaji mkataba mpya wala mfadhili ili lianzishwe. Linahitaji idara nne zikae meza moja na kila moja ilete karatasi zake. Siku mjumbe wetu atakapoulizwa katika mkutano wa kimataifa ni nini kilicho chini ya bahari yetu, asilazimike kuomba jibu kutoka kwa waliokizamisha.